Yule Anayetoka wa Mwisho

Hotuba kwa wawindaji bingwa wasaidizi na askari wa wanyamapori, siku ya kufungua mafunzo kabla ya msimu

Wazee wangu wa nyayo mliokaa pale nyuma, shikamooni. Hata ukumbini mnakaa nyuma, kama watu wanaofuata damu. Wakufunzi, ndugu zangu askari wa wanyamapori, na ninyi vijana ambao kuanzia tarehe 1 Julai mtakuwa mnatembea na mgeni mwenye bunduki mgongoni mwenu: habari za asubuhi.

Kwenye ratiba wameandika kwamba nitazungumzia "uteuzi wa nyara", yaani kuchagua mnyama wa kupigwa. Porini hatusemi hivyo. Porini tunanong'ona neno moja, "Yupi?", na anayeulizwa ana sekunde tano za kujibu, upepo ukiwa bado upande wetu na mgeni keshaegemeza bunduki kwenye fimbo. Kazi hiyo ya kujibu nimeifanya misimu 31. Jibu langu nawapa mapema ili nisije nikasahau nikianza hadithi: tafuta dume aliyemaliza kazi yake. Pembe ndefu ziache zikufuate zenyewe kama zimo, lakini usizifuate wewe. Sasa muda uliobaki nitautumia kuwaonyesha kwa nini jambo jepesi namna hii kulisema lilinishinda mimi mwenyewe.

Ilikuwa msimu wangu wa tatu, bado msaidizi. Kitalu cha uwindaji chenye miombo, mwezi wa Septemba, nyasi zimeshaungua na mitundu imeanza kutoa yale majani yake machanga mekundu. Mgeni alikuwa amebakiwa na siku 2 kati ya 21, na alichokuwa hajapata ni tandala mkubwa. Mliokwisha kukaa kambini mnaijua siku ya 19. Watu wanaongea chini chini. Mpishi anakuuliza kwa macho. Dereva anaosha gari ambalo halijachafuka.

Tuliwaona saa kumi na mbili kasoro robo jioni kwenye ukingo wa korongo. Korongo la maji, si korongo yule mnyama mwenye pembe. Kiswahili hapo kimetutega wenyewe. Majike watatu walitangulia. Nyuma yao, ndani ya kichaka, nikaona pembe. Mnyama sikumwona. Niliona pembe tu, zinapanda, zinajisokota, zinapanda tena, na jua lililokuwa nyuma yake limezipaka rangi ya asali. Mzee wangu wa nyayo, sasa ni marehemu, alikuwa amechuchumaa kando yangu na kifuko chake cha majivu ya kupimia upepo. Akaniwekea mkono begani. Hakunikataza. Alisema, "Ngoja, mwanangu, tumwone uso." Mimi nikaona jua linazama. Nikamwambia mgeni, "Piga."

Risasi ilikuwa safi. Alianguka hatua kama kumi na tano kutoka pale aliposimama. Tukapeana mikono, picha zikapigwa, tepe ikasema urefu unatosha na kubaki. Ndipo mzee akapiga magoti, akafungua mdomo wa mnyama, akapitisha kidole gumba juu ya magego ya chini, taratibu, kama fundi anayepapasa ubao kuona kama randa imepita. Akaniita nifanye vile vile.

Yalikwaruza. Kila gego lilikuwa na matuta yenye makali, na lile la mwisho kabisa kule nyuma lilikuwa halijaanza hata kusagika. Nikazitazama ncha za pembe: zimechongoka, hazina mkwaruzo wa maana. Nikaitazama shingo, sasa kwa utulivu ambao ningeutumia dakika kumi kabla, nikaiona nyembamba. Manyoya ya kooni mafupi. Alikuwa dume wa miaka minne, pengine mitano, aliyejaliwa pembe nzuri mapema, na wale majike watatu walikuwa bado wamesimama ng'ambo ya korongo wanatutazama. Mzee akasema, "Huyu ndiyo kwanza alikuwa anaanza." Akachukua panga, akaenda kufyeka njia ya gari. Usiku ule hakuja kuota moto na sisi.

Misimu miwili iliyofuata sikuona dume wa maana kwenye korongo lile.

Nisikilizeni sasa kuhusu pembe, maana humo ndimo macho yetu yanamotudanganya. Tandala dume humaliza mzunguko wa kwanza wa pembe akiwa na miaka kama 2. Ile mizunguko miwili na nusu tunayoiita pembe kamili huifikia akiwa na miaka kama 6. Maisha ya dume porini ni mafupi, na miaka yake ya kuwatawala majike ni michache ndani ya huo ufupi. Ukimpiga akiwa na mizunguko miwili na ncha zinazoelekea ndani, umempiga mlangoni. Mzee, ncha zake hufunguka, hutazama nje na mbele, na mara nyingi huwa nyeupe kwa kusuguliwa.

Na hapo kwenye ncha ndipo ninapotaka mkae. Pembe ya tandala, ya mbogo, ya pofu, haianguki. Ni ala ya kitu kama kucha iliyovikwa juu ya mfupa, na huota kutokea chini, kwenye shina. Maana yake ile ncha unayoiona kwenye darubini ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote. Alikuwa nayo tangu akiwa ndama. Kila mti aliousugua, kila kichuguu alichokichokonoa, kila dume aliyepigana naye, ameacha alama pale juu. Kwa hiyo anzia kwenye ncha, urefu baadaye. Ncha kali kama mwiba ni ya kijana, hata kama pembe nzima ni ndefu kama mkono wako. Ncha iliyopoteza ukali, iliyovunjika, iliyong'aa, inakusimulia miaka.

Wenzetu wa Marekani hawana bahati hiyo. Mnyama wao mkuu wa kuwindwa ni yule mwenye mkia mweupe na pembe za matawi. Kiswahili hakijakubaliana tumwite nani. Wengine humwita kulungu, wengine paa, na huku kwetu majina hayo mawili yana wenyewe. Mimi leo nitamwita kulungu wa Marekani, paa atanisamehe. Pembe zake ni mfupa mtupu, humwanguka kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota mpya. Hazina kumbukumbu. Kijana aliyekula vizuri anaweza kukutolea matawi manane, na mzee aliyechoka akatoa pembe mbovu kuliko za mwaka juzi. Kwa hiyo waliobobea kule huziacha pembe na kusoma mwili. Dume wa mwaka mmoja na nusu anafanana na jike aliyevishwa pembe: miguu mirefu, shingo nyembamba, kiuno kimebana. Wa miaka mitatu na nusu ana kifua cha farasi wa mashindano, lakini kiuno bado kimebana. Kuanzia mitano, shingo na kifua vimekuwa kitu kimoja, tumbo limeshuka, na miguu inaonekana mifupi kwa sababu mwili umezidi.

Nimewaleta Wamarekani kwenye ukumbi huu kwa sababu wao waliwahi kufanya kosa langu la korongoni kwa jimbo zima. Mwaka 1995 jimbo la Mississippi liliweka sharti kwamba dume mwenye matawi pungufu ya 4 asipigwe. Nia ilikuwa njema kabisa: tuwaache vijana wakue. Lakini matawi si umri. Kijana aliyezaliwa vizuri, kwenye ardhi yenye rutuba, alitoa matawi yake manne akiwa na mwaka mmoja na nusu, akawa halali kupigwa. Mwenzake dhaifu wa umri ule ule, mwenye vijiti viwili, sheria ikamlinda. Mnaona ilivyogeuka? Walikuwa wanapalilia shamba kwa kung'oa mahindi yaliyostawi na kuacha yaliyodumaa. Watafiti walipokuja kupima madume waliobaki na kufikia miaka miwili na zaidi, waliona katika baadhi ya maeneo, hasa yale yenye ardhi nzuri, pembe zimekuwa ndogo kuliko za kabla ya sheria.

Sisemi sheria za aina hiyo ni za kipuuzi. Mwindaji wa kawaida anahitaji kitu anachoweza kuhesabu, na matawi yanahesabika. Nasema ukimpa mtu kipimo rahisi, atapiga kipimo, ataacha kumtazama mnyama.

Mbogo ndiye anayewapoteza wengi kati yenu, na ni kosa la wageni na vitabu vyao vya rekodi. Mgeni anakuja na namba kichwani, upana wa pembe kwa inchi, na anataka namba hiyo. Sasa dume wa mbogo wa miaka 5 au 6 anaweza kuwa na upana mkubwa kuliko atakaokuwa nao akiwa na 11, kwa sababu ncha zitasagika na kukatika huko mbele. Ukiwinda upana, utawamaliza vijana ambao ndiyo kwanza wanaingia kwenye kupanda majike. Mimi natazama utosini, pale pembe mbili zinapokutana. Kwa kijana utaona nywele katikati, na ukingo wa mbele una ulaini wa kucha iliyolowa maji. Kuanzia kama miaka 8 pale panakauka, panakuwa na mifereji na magamba kama gome la mti mkavu, na nywele zimekwisha. Usoni amepauka, masikio yamechanika, ngozi ya mgongoni ina viraka visivyo na nywele vilivyojaa matope.

Na humpati ndani ya kundi. Watu hukimbilia kundi la mbogo mia mbili kwa sababu lina vumbi na kelele na linampendeza mgeni. Mimi asubuhi natafuta nyayo za wawili au watatu walioachana na kundi, kwato pana zilizolika kingo, zinazokwenda kwenye matope na kurudi kivulini. Hao ni wastaafu. Ni wakali kama wastaafu wengine ninaowafahamu, wakiwemo baadhi waliomo humu ndani, lakini kundi halitawakosa.

Swala pala sitawachosha. Yule dume anayenguruma katikati ya majike thelathini ndiye rahisi kuliko wote kumpiga, na ndiye mwenye kazi. Pembeni, mita mia tatu hivi, lipo kundi la makapera. Mzee aliyekwisha kung'olewa kwenye eneo lake utamkuta humo, shingo nene, ncha za pembe butu. Mwenyeji mwenye leseni yake anayetafuta kitoweo naye achukue kutoka huko huko kwa makapera. Dume aliyetoka kugombania majike amekonda, na nyama yake mnaijua harufu yake.

Pongo ni mnyama wa peke yake na wa dakika moja; dume huzidi kuwa mweusi kadiri anavyozeeka, basi rangi itakusaidia. Ila msiniletee habari za "nimeona pembe, kwa hiyo ni dume". Kwa tandala, swala pala, kuro na pongo, sawa. Lakini palahala, korongo, pofu, choroa, kongoni na mbogo, jike naye ana pembe, na jike wa pofu mara nyingi pembe zake ni ndefu kuliko za dume, nyembamba na za kupendeza. Kila msimu kuna mtu anaumbuka kwa pofu.

Nakuja kwa simba, na hapa nitasimama kidogo.

Sharti letu kwamba simba dume asipigwe kabla ya miaka 6 mnalijua. Liliingia kwenye kanuni mwaka 2010, na fuvu na meno hukaguliwa. Ninachotaka mkielewe ni kwa nini sita, maana askari asiyejua kwa nini atalegea siku mgeni akiwa mkubwa. Dume wa simba hutwaa familia akiwa na miaka 4 au 5, na hukaa nayo miaka 2 au 3 kabla ya kung'olewa na wengine. Watoto wake wanahitaji miaka kama 2 ya ulinzi ndipo wajitegemee. Pigeni hesabu wenyewe. Muda wa dume na muda wa watoto umebanana, hakuna nafasi ya ziada. Ukimtoa huyo dume katikati, wanaingia madume wageni, na dume mgeni huua watoto wachanga anaowakuta ili mama zao warudi kwenye joto. Kwenye karatasi ya mgawo umeandika simba 1. Kichakani wamekufa pengine watano au sita, na jina lako halimo.

Mwaka 2004 watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao walichapisha hesabu hizi katika jarida la Nature, wakitumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa kaskazini mwa Tanzania. Walionyesha kwamba wakipigwa waliokwisha kulea tu, wa miaka 5 au 6 na kuendelea, idadi ya simba haitikisiki. Wakatuachia na kitu cha kutazama: pua. Simba mdogo ana pua ya waridi. Madoa meusi huongezeka kila mwaka, na kwa simba wa Serengeti pua ikifika nusu nyeusi, mwenyewe amefika miaka kama 5. Ni kitu kizuri, kinaonekana kwa darubini simba akiwa kwenye chambo. Lakini pua hutofautiana kati ya sehemu na sehemu, kwa hiyo msiifanye pua kuwa yale matawi manne ya Mississippi. Tazama na makovu ya usoni, meno yaliyogeuka manjano na kukatika ncha, midomo iliyolegea. Manyoya ya shingoni yaacheni kabisa. Simba wa nyanda za joto za Selous anaweza kuzeeka na manyoya haba kama ya kijana, na wa juu kwenye baridi akawa na manyoya meusi mazito akiwa bado mtoto wa watu.

Fuvu likija ofisini halina adabu ya kumwogopa mgeni. Jino likipigwa eksirei, tundu la ndani ya mzizi huwa pana kwa kijana na jembamba kwa mzee. Nimewahi kukaa benchi nje ya chumba hicho, nimeshika kofia mikononi, nasubiri jibu la simba niliyekuwa nimeapa kwamba ni wa miaka sita. Alikuwa wa sita. Mikono ilitetemeka hivyo hivyo.

Basi, nimewaambia mzee, mzee, mzee. Sasa naharibu somo langu mwenyewe, kwa sababu yuko mnyama mmoja ambaye kwake maneno hayo yote ni makosa.

Tembo dume haachi kukua. Wakati tandala wa miaka tisa anatafuta pa kufia, tembo wa miaka 40 ndiyo anaingia kwenye enzi yake. Kule Amboseli, nchini Kenya, ambako mtafiti Cynthia Moss alianza mwaka 1972 kuwafuatilia tembo mmoja mmoja, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba madume wakubwa, wa miaka 40 na kuendelea, wakiwa kwenye ile hali ambayo mashavu yanatiririka na mkojo unadondoka, ndio hasa baba wa ndama. Majike huwachagua wao. Vijana huwasubiri na kujifunza kwao. Mwenye meno makubwa kuliko wote, yule ambaye kwa mbogo ningemwita mstaafu, kwa tembo ndiye mwenye nyumba.

Na akiondolewa, mengine yanafuata. Afrika Kusini, katika hifadhi ya Pilanesberg, walipelekwa tembo yatima bila wakubwa. Madume walipobalehe wakaingia kwenye hali ile ile ya kutiririka mashavu mapema mno, wakiwa hawana wa kuwatuliza, na kati ya 1992 na 1997 waliua faru weupe zaidi ya 40. Waliua faru, ndugu zangu. Mwaka 1998 wakaletwa madume 6 wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger, na mauaji yakakoma. Hakuna aliyewafunga vijana wale. Walikuta wazee nyumbani.

Najua mnafikiria nini, kwa sababu mjadala huu umefika hata vijiweni: yale madume yenye meno makubwa yaliyovuka mpaka kutoka Amboseli na kupigwa upande wetu mwaka 2023 na 2024. Watu wananiuliza kama ilikuwa halali. Leseni na uzito wa meno ni mambo ya ofisi, mimi nimestaafu. Mimi naulizwa kuhusu "yupi", na kuhusu hao jibu langu ni kwamba nisingemnyooshea kidole hata mmoja. Kama ni dume aliyemaliza kazi yake ndiye tunayemtafuta, hao walikuwa katikati ya kazi. Mwenzangu mmoja tuliyefanya kazi pamoja miaka mingi hatukubaliani katika hili, na bado tunakunywa chai pamoja.

Limebaki lile ambalo halimo kwenye ratiba: namna ya kumkatalia mtu aliyelipa.

Msijidanganye, hapa ndipo penye vita. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo posho yetu ilihesabiwa kwa kila nyara iliyoanguka. Mtu akikulipa hivyo, macho yako yanazeesha wanyama. Kijana wa miaka minne unamwona ana mvi. Na hata pasipo posho ya namna hiyo, ipo bahashishi ya mwisho wa safari, na ada ya shule ya mtoto haijui habari za ncha za pembe. Silidharau hilo. Mimi mwenyewe lilinisumbua.

Nilichojifunza ni kwamba ukisubiri kumkatalia mgeni wakati bunduki iko kwenye fimbo, umechelewa. Damu imeshamchemka. Mazungumzo yafanyike usiku wa kwanza, motoni, bunduki zikiwa bado mifukoni. Mimi nilikuwa naweka taya mezani kabla ya chakula. Namwambia mgeni apitishe kidole, namweleza anachokigusa. Halafu namuuliza, "Mzee, tukikutana na mwenye pembe ndefu aliye kijana, na mwenye pembe fupi aliye mzee, tufanye nini?" Karibu wote hujibu vizuri, kwa sababu usiku wa kwanza kila mtu ni mwema. Siku ya 19 unamkumbusha maneno yake mwenyewe. Wengine hununa. Mmoja aliondoka bila kuniaga.

Na ukiwa porini, usimwambie "hapana" tupu. Mwambie unachokiona: "Ncha zake kali. Shingo nyembamba. Kuna mwingine nyuma." Lile la mwisho mara nyingi ni kweli, maana madume wakitembea pamoja, anayetangulia kutokeza huwa ndiye asiyejua dunia. Mzee huwaacha wengine wapime upepo kwa maisha yao.

Hilo nililishuhudia miaka kumi na minne baada ya lile korongo, kitalu kingine, na mzee wangu yule yule, goti limeshaanza kumsumbua. Asubuhi, umande bado. Dume wa kwanza akatoka kichakani, na nikwambieni, alikuwa mrefu wa pembe kuliko yule wa kosa langu. Mgeni akashusha pumzi. Mimi nikanyanyua kidole kimoja. Akatoka wa pili. Wakala majani, wakasogea, mmoja akatutazama tulipo kwa muda mrefu mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Mzee akatikisa kifuko chake, majivu yakaelea kuja usoni kwetu. Bado tuko salama. Dakika ishirini. Kile kichaka hakikutikisika, ila sikio moja lilikuwa linapepea nzi ndani yake.

Alipotoka, alitoka kama mtu anayetoka msikitini, bila haraka. Rangi ya majivu ya bluu, manyoya yamepukutika begani. Shingo imejaa mpaka kwenye kidevu. Pembe ya kushoto ncha yake imekatika, na hata ile nzima ilikuwa pungufu ya yule wa kwanza kwa kama inchi tatu. Mgeni akageuza macho akanitazama, hakuuliza kwa mdomo. Nikamjibu kwa kichwa.

Mzee akapiga magoti kwa shida, akafungua mdomo, akapitisha kidole gumba. Hakuniita. Alitabasamu tu, akakipangusa kidole kwenye suruali.

Yale mataya yapo hapa mezani, mawili, chini ya kitambaa: la yule wa korongoni na la huyu. Sikuyaandika. Kabla ya chai naomba mje mmoja mmoja, wazee mtangulie, mfumbe macho, mpitishe kidole kwenye magego, mkianzia la mbele kwenda la nyuma, kisha kila mtu aniambie ni lipi ningepaswa kuliacha porini.